Uso Kwenye Umati

Pale sinema, picha ilipofika penye uwanja, mshonaji alisogea ukingoni mwa kiti, roho juu. Umati ulishangilia, bendera zikapepea, Kiongozi akapunga mkono. Na pale, chini ya nguzo, akatokea tena mdogo wake, anapiga makofi. Kisha akapotea.

Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini alikuwa yeye. Shati alilovaa alimshonea mwenyewe, na mfuko ulikaa upande kwa sababu siku ile walicheka ovyo mpaka mkasi ukamponyoka.

Mdogo wake alikuwa fundi redio. Mtaani walimwita Mawimbi. Askari walimchukua kibandani kwake mchana kweupe, redio ya mteja ikiwa imefunguliwa nusu. Tangu hapo, kila kituo cha polisi alichokwenda dada yake jibu lilikuwa lilelile: hatumjui mtu huyo. Alikwishakata tamaa, mpaka alipomwona sinema. Kwa amri ya serikali, kila filamu ilitanguliwa na picha ya habari za taifa, na milango ilifungwa mpaka habari ziishe. Filamu yenyewe haikumhusu. Habari zikiisha, huyo anaondoka.

Siku hiyo mkata tiketi alimwona anatoka anafuta machozi.

"Umemwona nani?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu."

"Basi taabu yako imekwisha, dada. Mke wa mwalimu mmoja aliyechukuliwa naye alimwona mumewe humo. Akaenda Ofisi ya Habari, wakamkutanisha naye siku hiyohiyo. Juzi nimewaona wote wawili kwenye picha, bega kwa bega. Yaani alivyoondoka kwa furaha, hata sufuria aliiacha jikoni inaungua!"

Mshonaji hakungoja kuambiwa mara mbili.

Afisa aliyempokea alikuwa mtu mpole, wa kumvutia mgeni kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umefanya vizuri kuja," alisema. "Wengi huona wakanyamaza. Mko wangapi nyumbani?"

"Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Wazazi walishatangulia."

"Hakuna mwingine wa kumuulizia?"

"Hakuna, baba."

Afisa alitikisa kichwa kwa huruma. Akamwomba asimame kidogo mbele ya ukuta mweupe, apigwe picha ya kumbukumbu za ofisi.

"Tabasamu basi, dada yangu. Leo si siku ya kilio."

Kweli, mshonaji alitabasamu. Baada ya miezi ya kufukuzwa milangoni kama mbwa koko, mtu wa serikali alikuwa amemwita dada.

"Kesho mchana tutakwenda wote sinema," afisa alisema. "Unionyeshe mwenyewe, tusije tukakuletea mtu siye."

Kesho yake walikaa safu ya katikati. Mlango ulifungwa, taa zikazimwa. Mshonaji alikuwa na shati jipya ndani ya mfuko mapajani. Alijua la zamani lilikwishachakaa. Madaraja yakapita, mashamba yakapita, askari wakapita kwa gwaride. Ukafika uwanja.

"Yule pale!" alinong'ona, akinyoosha kidole. "Chini ya nguzo. Ndiye huyo!"

"Namwona," alisema afisa, sauti yake ya upole vilevile. "Na yule dada aliyemshika mkono, anayecheka mpaka magego yanaonekana?"

Mshonaji alikodoa macho. Tangu azaliwe, hakuwahi kukanyaga uwanja ule. Lakini uso uliokuwa ukicheka ulikuwa wake.