Karatasi Iliyobaki Nyeupe

Wanjira alikifungua kifaa alichokuwa amekitundika jana jikoni kwa mama yake kijijini Kiambere, akatoa karatasi ya kunasa moshi. Alitarajia kuikuta nyeusi kama tako la sufuria. Ilikuwa nyeupe pe.

Alikagua pampu, ikawa nzima. Akayagusa mafiga. Yalikuwa baridi, majivu yote yamezolewa.

"Mama, jana ulipika wapi?"

"Nje," mama alijibu kutoka uani, akikoroga ndengu. "Si ulisema hiyo mashine yako inaona hata uchafu tusiouona? Sasa ningeichafua kweli, na umeitoa chuoni huko Embu?"

Wanjira alitoka nje akicheka. Kicheko kikamwishia mlangoni.

Sufuria ilikuwa juu ya mawe matatu yaliyozama ardhini, meusi kwa masizi ya miaka. Aliyafahamu. Mwaka ule wa mtihani wa kumaliza shule alikuwa akisomea jikoni, kwenye meza pekee waliyokuwa nayo, na mama akipikia hapa, hata mvua ikinyesha, gunia kichwani. Wanjira hakuwahi kuuliza kwa nini.

Kwa macho hayo yaliyoepushwa moshi alikuja kusoma kemia, akakaa miaka maabarani akipima kemikali kwa mwanga, kabla hajageukia hewa ambayo watu wanaipumua.

Upepo uligeuka. Mama akakohoa, akajifuta macho kwa leso.

"Sogea, mama," Wanjira alisema, akaketi upande moshi ulikokuwa ukielekea. "Leta huo mwiko."