Jina Lililodundiwa Mpira

Miaka kumi na minne Chilumba alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa ng'ambo bila kutuma hata salamu, mpaka goti lilipogoma. Aliporudi, alipitia kwanza uwanja aliojifunzia, akasimama nje ya uzio.

Ndani, Kocha Nyamvula alikuwa akiwaita wachezaji wa timu yake waliofariki, kama kawaida yake kabla ya mechi. Kila jina alilidundia mpira mara moja.

"Mkwizu!"

"Yupo nasi," timu ikaitikia.

"Chilumba!"

"Yupo nasi."

"Kocha, ni mimi! Niko hai!"

Nyamvula akageuka. "Mama yako alikungoja miaka saba, mwanangu, ndipo yeye mwenyewe akatuletea jina lako tuliite pamoja na ya marehemu."

Mpira ulimponyoka, ukabingirika hadi kwenye uzio. Chilumba akapenyeza mkono kuuokota. Wachezaji wote wakarudi nyuma.