Panya wa Baridi

"Huyo amekufa, dada Sikudhani. Kamtupe shimoni," alisema Daktari Mbwana, akiandika bila kuinua macho.

Sikudhani, mlishaji wa wanyama wa maabara, hakuondoka. Panya aliyekuwa kiganjani mwake alikuwa amejikunja, baridi kama kokoto ya mtoni. Tangu jana asubuhi alikuwa amenyimwa chakula kwa ajili ya vipimo.

"Bado, daktari. Anapumua mara moja, kisha anakaa kitambo kirefu."

"Sisi tunapima, dada. Hatubahatishi."

"Nyumbani tunafukia kaa kwenye majivu ili moto usiishe. Huyu kakosa chakula, kajifukia mwenyewe."

Daktari aliweka kalamu chini. Aliyajua hayo kwa lugha ya vitabu: seli zikikosa chakula hupunguza kazi, na mwili mdogo huacha kujipasha joto. Hakuwahi kudhani angeyakuta kwenye meza yake.

"Leo nina panya arobaini wa kupima," alisema.

"Wapime. Mimi nitakaa naye."

Akamfunika panya kwa kiganja cha pili, akakaa saa nzima bila kujinyoosha. Kwanza mgongo ulitetemeka, kisha sharubu, halafu jicho moja likafunguka.

Daktari akainama, akatazama, akalifuta neno aliloliandika.

Sikudhani hakumwangalia. Alikuwa akitazama dirishani, kwenye shimo la kuchomea taka. Jumatatu alitupa wanne humo, nao walikuwa baridi vilevile. Kiganjani mwake, panya alizidi kupata joto.