Mbuzi ya Kukunia Nazi

Siku hizo utabiri wa mawimbi makubwa haukuwa ukikosea tena, na kwa sheria ulisomwa kwanza mitaa ya juu. Sisi wa mtaa wa chini tulisomewa mwisho, barabara zisije zikaziba wote tukikimbia pamoja. Yeyote aliyetuvujishia alifungwa.

Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari. Mawimbi yalikuja madogo, lakini baina ya moja na jingine Mama aliweza kumpara samaki mzima.

"Leo bahari inavuta pumzi ndefu," alisema. "Huko kusini kumechafuka."

Ndipo shoga yake wa mtaa wa juu, Bi Mwanahawa, akaja kuchukua mbuzi yake ya kukunia nazi aliyotuazima.

"Tangu lini wewe ukakuna nazi?" Mama akamtania. "Si una mashine?"

"Imeharibika, shoga." Hakucheka. Alikuwa ameikumbatia ile mbuzi kifuani. "Na Saumu aje alale kwangu leo. Wenzake wanamuulizia."

Mama alimtazama kitambo, kisha akageukia chumbani, kwa bibi yangu, ambaye alikuwa hawezi kuinuka kitandani na hatukuwa na wa kumbeba.

"Nenda naye, mwanangu."

Nilifurahi. Nilirukaruka mlangoni huku akinifungia nguo ya kulalia kwenye kanga yake. Akaongeza sare za shule, ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Akaongeza na viatu vya sikukuu, vilivyonunuliwa vikubwa.

"Hivyo vinanipwaya, Mama."

"Vitakutosha," alisema, akakaza fundo.