Tone la Tano

Tangu mama afariki, baba, kwa ukaidi wake, alikuwa akijazia tangi la samaki maji magumu ya kisima, matupu. Mimea ikashika ukoko mweupe wa chokaa. Mama ndiye aliyekuwa akiyalainisha kwa maji ya mvua aliyoyachota pipani kwa kopo lake.

Asubuhi moja binti yao aliyapima maji ya tangi kwa dawa ya matone ya kupima ugumu. Maji ya kisima hugeuka kijani kwa tone la ishirini. Haya yaligeuka kwa tone la tano, laini kama enzi za mama.

"Baba, umetia maji ya mvua?"

"Mvua ya wapi, mwanangu? Pipa limekauka, hata mbu wamehama."

Binti alinyoosha mkono kwenye kopo la mama yake, lililotundikwa msumarini tangu msiba. Tone la baridi likamdondokea kiganjani kutoka ndani yake.