Hodi ya Bi Mwanamize

Kisiwa cha Mbarawe kilipopata uhuru hakikuwa na mafuta, dhahabu wala karafuu za kutosha. Kilikuwa na kimya tu, basi kikauza hicho hicho. Matajiri waliochoshwa na kelele za miji yao walimiminika kuja kulala, na nchi ikaneemeka kweli kweli: hospitali bure, umeme bure, kila nyumba sakafu ya marumaru. Majogoo walisafirishwa bara, vinu vikakusanywa, na kila mlango ukawekewa taa ya kugusa, ili mtu asibishe.

Bi Mwanamize hakuwa na la kulalamikia. Alasiri moja alipika mkate wa kumimina, akavuka uchochoro kumpelekea Salhina, aliyecheza naye tangu utotoni. Mikono yote miwili ilishika sahani, hakuwa na wa kugusia taa. Ulimi ukamponyoka.

"Hodi!"

Mlango ukafunguka upesi. Salhina alikuwa ameweka kidole mdomoni.

"Mwenzangu, wataka tunyang'anywe nyumba?" alinong'ona.

"Nisamehe. Lakini niambie karibu, Salhina. Mara moja tu."

Midomo ya Salhina ilianza kuliumba neno. Akatupa jicho upande wa nyumba za wageni, akapokea sahani, akafunga mlango. Milango ya siku hizi haitoi hata mlio.

Bi Mwanamize alirudi, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe. Akatazama huku na huku.

"Hodi," alinong'ona.

Kisha akaingia mbio, ili awahi kuitikia.