Mlio wa Pili

Dakika tano kabla ya mashindano, Sikudhani alizungusha gurudumu la baiskeli yake, likayumba. Tairi halikuwa na tyubu. Lilipaswa kukaa sawa kwenye rimu, mstari wake mwembamba wa pembeni ukionekana mzunguko mzima. Hapa mstari ulizama, upana wa vidole vinne. Kwenye mteremko lingechomoka.

"Kaka Kibwana, ulipolifunga, ulisikia milio miwili?"

"Nilisikia, mdogo wangu. Panda, unachelewa."

Ndiye aliyemfundisha kupaka maji ya sabuni, kupampu, na kusubiri milio miwili, tairi linapojibana upande huu, kisha ule.

Mpinzani wa Sikudhani, Mwanaidi, alicheka. "Gurudumu lako linacheza ngoma, shoga! Langu kalifunga Kibwana huyo huyo jana, hata halitikisiki."

Kweli, mstari wa tairi la Mwanaidi ulikuwa mzima kama pete. Kibwana akainamia viatu vyake.

Sikudhani alitoa upepo, akapaka sabuni, akapampu. Paa! Waendeshaji wote waligeuka. Mwamuzi akainua bendera. Sikudhani akaendelea kupampu, sikio kwenye tairi, macho kwa kaka yake, akiusubiri mlio wa pili.